Mkwawa kwa Macho ya Kilosa

Kwenye somo la Historia sekondari, vita vya Mkwawa na Wajerumani huwa viwili tu. Kuna Lugalo, 1891, alipowapiga. Kuna Kalenga, 1894, walipompiga. Baada ya hapo mwalimu anaruka hadi 1898, Mkwawa anajiua, kengele inagonga, mnakwenda mapumziko. Mimi nimetokea wilaya ya Kilosa na nilisomeshwa hivyo hivyo. Hakuna aliyetuambia darasani kwamba kati ya Lugalo na Kalenga kuna tukio la tatu, na kwamba lilitokea kwetu, Kondoa, hatua chache tu kutoka mji wa Kilosa.

Kondoa hiyo msiichanganye na Kondoa Irangi ya Dodoma. Ni Kondoa ya Usagara, iliyochukua jina kwenye bonde la Mto Mkondoa. Mfaransa mmoja, Kapteni Bloyet, alikuwa na kituo hapo miaka ya 1880, kabla Wajerumani hawajafika. Mwezi Oktoba 1892 jeshi la Wahehe liliteremka hadi hapo, na kikosi cha Wajerumani kilichokuwa kikilinda mahali hapo kikafutwa. Nimeamua kuandika maisha ya Mkwawa nikianzia na tukio hilo kwa sababu wengi wetu tunaosomea ualimu tutapangiwa shule mahali ambapo babu zao hawakuwa upande wa shujaa wa kitabu, wala hawakuwa upande wa mzungu. Walikuwa katikati. Sasa mtu wa namna hiyo unamfundishaje Mkwawa?

Tuanze na mwenyewe. Alizaliwa karibu mwaka 1855 huko Luhota, Uhehe, si mbali na Iringa ya leo. Jina lake refu ni Mkwavinyika, na wazee wanalieleza kuwa ni mtwaa nchi, mtu wa kuteka nchi za wenzake. Mkwawa ni kifupi chake. Wajerumani nao walikiandika kwa namna zao, Quawa na mengineyo, na ndivyo anavyoonekana hata kwenye karatasi kubwa za dunia, kama tutakavyoona.

Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyezishona pamoja nchi ndogo ndogo za watemi wa nyanda za juu zikawa kitu kimoja. Kabla yake hapakuwa na Wahehe kama kabila moja lenye mtawala mmoja. Inasemwa hata jina lenyewe limetokana na ukelele wao wa vitani. Munyigumba alifariki 1879, na kama kawaida ya nchi zilizounganishwa kwa nguvu ya mtu mmoja, mambo yakaharibika siku hiyo hiyo. Mwambambe, mkwe wa marehemu, akautaka utawala. Mkwawa, kijana wa miaka ishirini na kitu, umri wetu sisi tunaogombania viti vya serikali ya wanafunzi, akakimbilia Ugogo. Alirudi na watu, wakapambana, Mwambambe akauawa. Mahali walipopigania panaitwa Lundamatwe, jina linaloelezwa kuwa ni mahali pa vichwa vilivyolundikwa. Kwa jina hilo tu unaelewa jinsi utawala ulivyoanza.

Baada ya kuwamaliza wa ndani, akageukia wa nje. Na Wangoni walipigana hadi pande zote mbili zikachoka, wakaacha mwaka 1882. Wasangu wa Merere walisukumwa magharibi. Wabena wakabanwa. Jeshi lake halikuwa kundi la watu wanaokurupuka na mikuki. Vijana walilelewa kwenye boma la mtawala, wakafundishwa kutii, wakapangwa vikosi vyenye viongozi wake. Bunduki zilikuwepo, zilizonunuliwa kwa pembe za ndovu kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, ila silaha waliyoiamini ni mkuki wa kuchomea, ule mfupi wa kumfikia mtu karibu. Na Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, akajenga ngome ya ukuta wa mawe iliyoitwa Lipuli.

Kufikia hapa kitabu cha shule kiko sawa. Tatizo ni kwamba kinasimama Kalenga na kutazama pande zote kutokea hapo. Hebu tuteremke.

Ukitoka Iringa kwa basi unashuka Kitonga, unapita Ruaha Mbuyuni, milima inakubana pande zote, halafu unatokea Mikumi na nchi inafunguka. Kulia na kushoto ni uwanda, mbuga ya Mkata inaanza, na ile miti mirefu ya mikumi iliyopapa mahali jina. Leo tunapita hapo tukitafuta tembo dirishani, kwa sababu tangu 1964 ni hifadhi ya taifa. Kutoka Mikumi kwenda Kilosa unaacha lami kuu, unapita Ulaya (ndiyo, tuna kijiji kinaitwa Ulaya), na unafika kwenye bonde la Mkondoa. Bonde hilo ndilo lililokuwa barabara kuu ya Afrika Mashariki. Misafara ya Bagamoyo ilipita Usagara kwenda Mpwapwa, Ugogo na Tabora, ikirudi na pembe, na watumwa. Reli ya kati nayo ilifuata bonde hilo hilo ilipofika Kilosa 1909, ndiyo maana masika yakikolea tunasikia tuta limesombwa kati ya Kilosa na Gulwe.

Mwenye barabara ndiye mwenye mali. Aliyeweza kuisimamisha misafara angedai hongo: nguo, shanga, baruti. Mkwawa alilijua hilo vizuri sana. Miaka ya 1880 vikosi vyake vilikuwa vinashuka Usagara na kurudi na ng'ombe, wanawake na watoto. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda hawakuwa na Munyigumba wao. Kila bonde lilikuwa na mkuu wake mdogo, na mkuu wa bonde hili hakuwa na amri juu ya bonde lile. Kinga yao ilikuwa mlima. Walijenga juu, wakalima chini, na habari ya Wahehe ikifika watu walipanda na kilichobebeka.

Wakati huo huo kulikuwa na mtu mwingine aliyeitaka Usagara, na yeye alikuja na karatasi. Carl Peters alipita kwetu mwishoni mwa 1884, akiwa anawasainisha wakuu wa Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami mikataba ambayo hawakuweza kuisoma. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikampa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Kwa hiyo Usagara ni miongoni mwa vipande vya kwanza kabisa vya Tanganyika kuitwa vya Mjerumani. Yaani kabla Mjerumani hajamwona Mhehe hata mmoja, nchi ya Wasagara ilikuwa imeshachukuliwa mara mbili: kwa wino na mmoja, kwa mkuki na mwingine. Na wote wawili walitaka kitu kile kile, njia ya bondeni.

Hapa ndipo ninapoona chanzo cha ugomvi. Tumezoea kusema Wajerumani walikwenda kuichukua Uhehe na Mkwawa akailinda. Kwa mwisho wa hadithi ni kweli. Kwa mwanzo wake walikuwa wanagombea nchi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao.

Wajerumani walikuwa wametoka kumaliza vita vya pwani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na katika vita hivyo aliwahi kufika hadi Mpwapwa na kukiharibu kituo cha kampuni. Fundisho walilolipata ni kwamba pwani bila njia ya bara ni kazi bure. Mwaka 1891 wakamtuma Emil von Zelewski. Huyu watu wa Pangani walimjua tangu 1888, alipokuwa ofisa wa kampuni mwenye dharau zilizochangia kuwasha moto wa Abushiri, na wakampa jina la Nyundo. Alitokea Kilwa, akaingia Uhehe akichoma vijiji njiani. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, safu yake ndefu ya askari zaidi ya 300 na wapagazi na punda ilikuwa inapita njia nyembamba mmoja mmoja. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alifyatua risasi kumlenga ndege, na Wahehe waliokuwa wamelala majanini wakadhani ndiyo ishara. Kazi kubwa ilikwisha kwa dakika chache. Nyundo aliuawa, na pamoja naye Wajerumani tisa na zaidi ya askari 200. Wahehe nao walikufa wengi, na inasemwa Mkwawa alikataza maombolezo ya wazi ili watu wasijue ushindi umegharimu kiasi gani.

Mabaki ya kikosi kile walikimbilia wapi? Kwetu. Walishuka hadi Myombo, upande wa Kilosa, na habari za Lugalo zilifika pwani kwa njia hiyo. Hebu fikiria wewe ni Msagara wa Myombo unawaona wanaingia, wenye majeraha, wachache, wale waliokuja na karatasi wakasema watakulinda. Ungejua moja kwa moja kwamba zamu inayofuata ni yako.

Na ikawa. Mkwawa alijaribu mazungumzo na Wajerumani baada ya Lugalo, wajumbe walikwenda na kurudi, lakini kila upande ulitaka mwenzake akubali kwanza kuwa mdogo. Oktoba 1892 akapiga Kondoa. Kijeshi lilikuwa pigo la akili. Lugalo ilikuwa shambulio la kujihami ndani ya nchi yake. Kondoa ilikuwa kuvuka mpaka na kuukata mkono wa adui kwenye kiwiko, pale barabara inapopita. Baada ya hapo hakuna msafara uliokuwa na hakika ya kufika Mpwapwa. Kwa mtu anayesoma vita kwa ramani, ni hatua nzuri kuliko hata Lugalo, na nashangaa kwa nini haifundishwi.

Ila ramani haina watu. Wahehe hawakushuka Kondoa kuwatafuta Wajerumani peke yao. Vijiji vya kando ya njia vilipata kile vilivyokuwa vinapata tangu miaka ya 1880: moto, kutekwa, ng'ombe kuondoka. Na matokeo yake ndiyo yaliyoamua vita yote. Wajerumani walijibu kwa kuweka msururu wa vituo ukingoni mwa Uhehe, Kilosa na Kisaki vikiwamo. Walipojenga boma Kilosa, watu waliteremka mlimani wakajenga karibu na boma. Hawakuja kwa kumpenda mzungu. Boma lilikuwa na bunduki, na bunduki ziliangalia upande wa Wahehe. Humo wakapatikana wapagazi, wapelelezi, wauza mtama, wanaojua njia. Mjerumani aliyeshindwa Lugalo kwa kutojua njia sasa alikuwa na majirani wa Mkwawa wa kumwonyesha. Kusini, Kiwanga, mtemi wa Wabena wa Kilombero, akafanya urafiki na Wajerumani. Magharibi, Merere wa Wasangu alikuwa anasubiri siku ya kurudishiwa nchi yake. Mkwawa alikuwa amejizungushia maadui kwa miaka kumi, na mzungu alichofanya ni kuwaokota.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha Mikumi, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono nikiwa kwenye mada hii ya upinzani dhidi ya ukoloni. Alitaka kujua: kama bibi yake alimsimulia kwamba watu wa kwao walikuwa wanakimbilia mlimani kwa kuwaogopa Wahehe, je, kwenye mtihani aandike Mkwawa ni shujaa wake? Darasa lilicheka. Mikumi ni mji wa barabarani, kila kabila lipo, na kijana wa Kihehe nyuma akadakia kwa sauti kwamba hao walikuwa wanakimbia kwa sababu ni waoga. Wakaanza kutaniana, na mimi nikawaacha kidogo. Ndivyo tulivyoizika historia hii, kwa utani. Makabila mengi yaliyopigana zamani leo ni watani, wanatupiana maneno hata msibani, na hakuna anayekasirika. Utani umetusaidia sana kukaa pamoja. Lakini utani haujibu swali la mtihani, na yule binti hakuwa anatania.

Nilimjibu kwamba mtihani utampa maksi kwa kueleza jinsi Mkwawa alivyowapinga Wajerumani, na hilo aliandike kwa sababu ni kweli tupu. Pia nikamwambia bibi yake hakukosea. Kuna watu hawapendi jibu la hivyo, wanaona linawapa wakoloni ahueni. Mimi sioni hivyo. Ukimficha mtoto kwamba babu zake walikaa karibu na boma, siku akigundua mwenyewe ataamini walikuwa wasaliti. Ukimweleza walikuwa wanamkimbia nani, ataelewa kwamba walikuwa watu wenye akili waliokuwa na machaguo mawili mabaya.

Turudi kwenye vita. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele aliifikia Kalenga kwa mizinga. Mbele ya mashambulizi alikuwepo Tom Prince, ofisa ambaye askari walimwita Bwana Sakarani, na ambaye Januari 1893 alikuwa ametoka kuivunja ngome ya Isike kule Unyanyembe, Isike akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Ukuta wa mawe uliomgharimu Mkwawa miaka haukufaa kitu mbele ya mizinga. Walipigana nyumba kwa nyumba, Kalenga ikaanguka. Mkwawa akatoka. Siku chache baadaye, safu ya Schele ikiwa njiani kurudi pwani, Wahehe waliishambulia Mage, kama kumkumbusha gavana kwamba ameteka majengo tu.

Na kweli alikuwa ameteka majengo. Kuanzia hapo hadi 1898 Mkwawa akawa kiongozi asiye na mji. Mwaka 1895 kulikuwa na mazungumzo mengine ya amani, hayakudumu. Mwaka 1896 Prince akaja kukaa moja kwa moja, akajenga kituo kilichozaa mji wa Iringa wa sasa. Na hapo lugha ikabadilika. Kabla ya kituo kile, Mkwawa kwenye ripoti zao alikuwa adui, mtawala wa nchi nyingine. Baada ya bendera kusimikwa Iringa, akawa muasi. Nchi ni ile ile, mtu ni yule yule, hajahama hata kidogo. Kilichohama ni bendera. Nadhani wanafunzi wa ualimu tunapaswa kuliangalia neno uasi kila linapotokea kwenye vitabu vyetu na kuuliza nani alikuwa ameshika kalamu.

Vita vya miaka hiyo havikuwa na uwanja. Prince alijua hawezi kumkamata mtu ambaye kila kaya inamlisha, kwa hiyo akazipiga kaya. Maghala ya chakula yalichomwa, mashamba yakaharibiwa, mifugo ikachukuliwa, watu wakalazimishwa kuhamia karibu na kituo ambako wangeonekana. Wakuu waliosalimu amri waliachiwa vyeo. Ndugu wa Mkwawa mwenyewe, Mpangile, alisimikwa kuwa mtawala mwishoni mwa 1896, ili Wahehe wapate wa kumfuata. Hakufika mbali. Februari 1897 Wajerumani walimnyonga, wakimtuhumu kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa. Kwa fedha za wakati ule ni mali ambayo mkulima asingeiona maishani mwake mwote. Na watu walikuwa na njaa.

Hakuuzwa kirahisi. Miaka ilipita, doria baada ya doria inakuta majivu ya moto na nyayo. Huyu ndiye Mkwawa ninayemheshimu kuliko yule wa Lugalo. Yule wa Lugalo alikuwa na maelfu ya watu nyuma yake. Huyu wa msituni alikuwa na wachache, halafu wachache zaidi, na bado wakulima waliochomewa ghala walimwachia chakula njiani. Kwa Wahehe alikuwa amefanya kitu ambacho watawala wengi wa wakati wake hawakukifanya: aliwapa sababu ya kuwa watu wamoja. Wasagara hawakuwahi kuonja upande huo wa Mkwawa, lakini ulikuwepo, na mtu mwaminifu anauandika.

Julai 1898 alikuwa mgonjwa. Doria ya Feldwebel Merkl ilimkamata kijana aliyekuwa ametoka kwake, na kijana akaeleza kwamba bwana anatema damu na hayuko mbali. Tarehe 19 Julai, Mlambalasi, askari walisikia mlio wa bunduki. Walisogea kwa kutambaa hadi wakaona moto na watu wawili wamelala kando yake. Merkl akapiga risasi. Walipofika walimkuta Mkwawa ameshakufa, amejipiga mwenyewe, na mwenzake wa mwisho, kijana, naye amekufa kabla yake. Kichwa kikakatwa na kupelekwa Iringa kwa Prince.

Miaka saba tu baadaye Majimaji ilipowaka, Wavidunda na Wasagara wa pande zetu walikuwa miongoni mwa walioinuka dhidi ya Wajerumani. Wale wale ambao baba zao walijenga karibu na boma kuwakimbia Wahehe, sasa waliiona sura kamili ya boma: kodi, pamba, kiboko. Na kutoka Iringa, Kapteni Nigmann alitoka kwenda kuiokoa Mahenge, na katika safu zake walikuwamo wapiganaji wa Kihehe. Kiwanga naye alikufa akiwa upande wa Wajerumani. Pande zimebadilishana kabisa. Ndiyo maana nasema historia ya wilaya yetu haiwezi kufundishwa kwa safu mbili za ubaoni, mashujaa huku na vibaraka kule. Ungelazimika kufuta na kuandika upya kila baada ya miaka saba.

Kichwa kilibaki. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, ule ule uliogawa Ulaya baada ya Vita Kuu, ulikuwa na kifungu cha 246 kilichoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Hebu pata picha: mataifa makubwa yamekaa yanajadili mipaka na madeni, na katikati ya hayo kuna fuvu la mtu wa Kalenga. Waingereza hawakusukumwa na huruma peke yake. Walikuwa wamekwisha kuichukua Tanganyika na walitaka Wahehe wawe upande wao. Ujerumani ikasema haina.

Ikapita zaidi ya miaka 30. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu karibu 2,000. Yakatengwa yale ya Afrika Mashariki, yakapimwa, yakalinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Ndilo lililorudishwa 1954, kwa sherehe kubwa, na ndilo lililopo Kalenga hadi leo kwenye sanduku la kioo. Kwamba kuna mafuvu mengine mengi yalibaki kwenye rafu zile, ya watu wasio na ndugu wa kupimwa kichwa, ni jambo lililonikaa kichwani mimi kuliko sherehe yenyewe. Inawezekana kabisa mmoja wao alikuwa Msagara.

Aliyelipokea fuvu alikuwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Mwaka 1962 Adam Sapi akawa Spika wa Bunge la Tanganyika, na kiti hicho alikikalia miaka mingi. Kwa hiyo kwa muda mrefu, mbunge wa Kilosa akitaka kusimama kuulizia barabara ya Mikumi au tuta la reli, ilibidi kwanza anyooshe mkono na kumwomba ruhusa mjukuu wa Mkwawa.